Msomaji wa Kwanza wa Sura ya Tisa

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkurugenzi wa shirika la uchapishaji, mwalimu mkuu, mama yangu mzazi uliyeketi safu ya mbele, na ninyi wenzangu wa chama cha wasomaji mnaonikonyeza tangu niingie: wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Nazungumzia hapa chini kwa sababu jukwaa lina ngazi tatu. Kaka wawili walikuja kuninyanyua pamoja na kiti changu cha magurudumu. Nikawashukuru, nikaomba kipaza sauti ndicho kishuke. Kimeshuka. Kumbe ilikuwa kazi ya dakika moja!

Kitabu tunachokizindua leo ni cha mapenzi ya vijana, na msichana wake anatumia kiti kama changu. Mwandishi aliniletea muswada niusome kabla haujapelekwa kuchapwa. Niliusoma kwa raha zangu mpaka sura ya tisa, ambapo kijana wa watu anambeba msichana hadi ghorofani kwenye sherehe ya shule, ukumbi mzima unapiga makofi, bibie analia kwa furaha. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika pembeni neno moja: "Aliulizwa?"

Mwandishi akanipigia simu. Nikajua nimeharibu. Jamani, mtu aliyeandika vitabu kumi na viwili akaniuliza mimi, wa kidato cha nne, kijana yule angefanya nini badala yake! Nikamwambia angeuliza, angekataliwa, kisha angekaa ngazi ya kwanza wapige soga mpaka kengele. Ndivyo ilivyochapwa, ukurasa wa themanini na nane.

Lakini leo niseme ukweli: nilibuni. Nani alishawahi kukaa ngazi ya kwanza kwa ajili yangu? Hakuna. Mama, uliponiambia mapenzi ya vitabuni niyaache vitabuni, ulikuwa unanikinga nisiumie, nami nilikuelewa, ila niliumia vilevile.

Basi mwezi uliopita chama chetu kilikutana ghorofani, na lifti ilikuwa mbovu. Wote wakapanda. Mmoja akabaki, akaniuliza, "Nikubebe, au nikae?"

Nikasema kaa. Akakaa. Na sura ya tisa alikuwa hajaisoma, nilimhoji vizuri!

Mama, ameomba kuja nyumbani Jumamosi kukusalimia. Nilimwambia simjibu kabla sijakuuliza, na sasa nakuuliza. Una ruhusa ya kukataa. Msichana wa kitabuni alikataa na hakuna aliyenuna.

Ameitikia kwa kichwa! Mmeona wote? Mheshimiwa, umeona?

Mwandishi wetu, nakushukuru kwa kunipigia simu ile. Nanyi wageni wetu, nawashukuru kwa kunitegea sikio huku chini. Na wewe wa safu ya nne, mwenye shati la bluu, acha kujificha nyuma ya ratiba. Njoo saa kumi. Nyumbani kwetu hakuna ngazi.