Fundi Luqman na Gari Alilolirekebisha Bila Kulisikia

Assalaam alaykum, wasikilizaji wapendwa. Na jirani zetu wa Kikoneni na kwingineko ambao salamu yenu ni nyingine, hamjambo nyote. Mimi ni Bi Esha. Leo nina mtu mmoja tu wa kumkumbuka, nami nitakwenda polepole, maana mahali pengine pananiwia vigumu kupasema.

Fundi Luqman Matano wa Msambweni amefariki dunia. Alifariki Jumatano ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, ndani ya banda lake la mabati. Presha ilimpanda ghafla. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Akazikwa siku ile ile, baada ya Alasiri. Ameacha mjane, Bi Mwanapili, na binti mmoja, Fauzia. Tena ameacha gari.

Gari hilo wengi wenu mnalijua kwa sauti hata kama hamjaliona. Jekundu, chini chini, pua ndefu, milango miwili. Datsun ya mwaka wa sabini na mbili. Likipita, mama anamshika mtoto mkono.

Fundi alizaliwa Bodo. Alisoma mpaka darasa la saba, kama mimi. Alipokuwa na miaka ishirini na mitatu aliajiriwa Diani, hotelini, kuangalia jenereta. Akakaa kazi hiyo miaka ishirini na miwili. Nirudie, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu hapa ndipo mambo yalipoanzia: miaka ishirini na miwili ndani ya chumba kidogo cha zege, jenereta mbili zikinguruma, na masikioni hana hata pamba. Siku zile hakuna aliyelifikiria hilo, hata yeye mwenyewe.

Kazi ilipokwisha akarudi nyumbani, akawa anatengeneza pampu za maji na vinu vya mahindi. Ndivyo alivyofika kwa rafiki yake, Mzee Chome wa Kikoneni, ambaye ni fundi wa kukereza vyuma. Nyuma ya nyumba ya Mzee Chome lilikuwepo lile gari. Halina magurudumu, vioo vimekwenda, kuku wanatagia ndani.

Mzee Chome ananiambia, "Akaniuliza, hili unalitaka? Nikamwambia, anayelitaka ni yule kuku, kamuulize yeye."

Wakakubaliana. Fundi amfufulie Mzee Chome injini ya kinu, kisha alichukue gari. Akalivuta kwa trekta mpaka Msambweni. Bi Mwanapili alikuwa uani, anaanua nguo.

"Nikasikia watoto wanashangilia, nikatoka," anasema Bi Mwanapili. "Nikamwuliza, Baba Fauzia, hayo mabati wayapeleka wapi? Akanambia, haya si mabati, hili ni gari la mbio. Nikatazama. Hata tairi halina."

Majirani wakalipa jina, wakaliita Bi Mdogo. Maana kila alipotoka kuswali Alfajiri fundi alikuwa nalo, na kila alipomaliza kula alikuwa nalo. Bi Mwanapili akicheka na kuwaambia, "Mke mwenza wa namna hii mimi namtaka. Hanidai zamu, wala wali wangu haugusi."

Kulijenga kulichukua miaka minne. Alianza na bodi, akaja kwenye breki, mwisho injini. Kisha akataka kulitia tabo. Kwa asiyejua, tabo ni kifeni kidogo. Moshi wa injini unakizungusha, nacho kinairudishia injini hewa kwa nguvu, basi injini ile inapata nguvu kupita zile ilizotengenezwa nazo. Tabo yake aliitoa kwenye pikapu iliyopinduka, na Mzee Chome akamkerezea vyuma vya kuiunganishia.

Lakini tabo ina sharti lake. Hewa ikizidi na mafuta yakapungua, injini inagonga. Msidhani ni kishindo. Ni kisauti chembamba, kama korosho kavu zikitikiswa ndani ya mkebe. Ukikisikia unaondoa mguu upesi. Usipokisikia, pistoni inatoboka. Kwa hiyo gari la namna hii linarekebishwa kwa sikio. Fundi anapunguza hapa, anaongeza pale, na mtu anasikiliza.

Wa kusikiliza alikuwa Fauzia. Alikuwa ametoka chuo cha ufundi, ana miaka ishirini na minne. Alikuwa akiketi kando ya babake na kipande cha mpira wa maji sikioni, ncha ya pili imepelekwa hadi penye injini. Babake anaendesha, yeye anasikiliza; wakisimama, anamwambia babake uso kwa uso.

"Baba, inagonga."

"Haigongi."

"Inagonga, Baba. Kidogo, lakini ipo."

"Mimi nilikuwa nikizisikiliza injini wewe hujaanza kutambaa. Kinachogonga ni woga wako."

Ikawa hivyo siku mbili. Siku ya tatu, katika barabara ya Lunga Lunga, pistoni ikatoboka. Moshi ukajaa hata hawaonani. Walivutwa mpaka nyumbani, watu wamekusanyika, mmoja akauliza kimetokea nini. Fundi akamnyooshea bintiye kidole. Akasema, "Huyu ndiye aliyekuwa akisikiliza."

Hayo yalipita mbele za watu, wasikilizaji wapendwa. Nami nilikuwepo.

Asubuhi yake Fauzia akaenda bandani. Babake ameinama, amempa mgongo, anafungua injini. Fauzia akasimama mlangoni, akasema, "Shikamoo, Baba." Hakuitikiwa. Kesho yake akasimama palepale. Hakuitikiwa. Alifanya hivyo siku kumi na saba. Narudia, siku kumi na saba. Sisi watu wa huku hatuhitaji kuelezwa maana yake. Mzazi akiacha kuitikia shikamoo ya mwanawe, amemtoa moyoni.

Siku ya kumi na nane Fauzia alifunga begi lake. Akaenda Diani, akapata kazi hotelini. Kazi ya jenereta, ile ile ya babake.

Miaka miwili hawakusemezana. Binti alikuwa akija kumtazama mamake saa za Ijumaa, wakati baba yuko msikitini. Bi Mwanapili alikuwa katikati. Akimwambia mumewe, anza wewe, fundi anajibu, "Mimi baba. Na mtoto huyo aliacha kuniamkia, alipita humu ndani siku nyingi bila kunitolea neno." Akimwambia Fauzia, Fauzia anajibu, "Mama, nimeamkia mara kumi na saba."

"Nilidhani mmoja wao ananidanganya," Bi Mwanapili ameniambia. "Sikudhani kwamba wote wawili wanasema kweli."

Nasi majirani hatukusaidia. Fundi alikuwa akipita dukani, ukimtolea salamu kutoka ubavuni, kimya. Tukasema gari limempa kichwa. Mimi mwenyewe nilisema hivyo, kwa mdomo huu, nimeketi barazani na wenzangu tunasuka ukili. Hatukujiuliza mtu anapataje kiburi kwa gari lililokufa. Mtu hakusikia injini yake ikigonga. Mtu huyo huyo haitikii salamu. Mambo mawili, tena yote tunayo mbele ya macho, na hakuna aliyeyaweka pamoja.

Aliyeyaweka pamoja ni Mzee Chome, mwezi mmoja na nusu uliopita. Alikuja kuleta pistoni mpya.

"Kipande cha chuma kilianguka sakafuni, nyuma yake," anasimulia. "Mimi niliruka. Yeye akaendelea kukaza nati. Nikaita, Luqman. Kimya. Nikazunguka mpaka mbele yake ndipo akaniona, akatabasamu. Hapo nikajua."

Akampeleka Mombasa, hospitali. Daktari akampima, akasema masikio yamekwisha siku nyingi. Sauti nene zinamfikia kidogo. Nyembamba hazimfikii. Na sauti ya mwanamke aliye nyuma yake, hiyo hawezi kuipata kabisa.

Mzee Chome akamwandikia maneno hayo kwenye karatasi, fundi akayasoma. Waliporudi wakaketi kwenye kivuko cha Likoni, upande wa Mombasa, kungoja feri. Fundi akasema, "Basi yule mtoto alikuwa akiniamkia." Akasema hilo tu. Wakavuka, wakafika hadi Ukunda.

Ukunda ndipo alipomkamata mkono Mzee Chome, akamwekea amana. "Usimwambie mtu. Hata Mwanapili. Nilimtahayarisha mtoto mbele za watu, sitamtumia mjumbe. Nitakwenda mwenyewe, na gari lile lile nitakwenda nalo."

Injini wakaifunga upya. Lakini sikio hamna, na Mzee Chome naye ana miaka sabini. Fundi akalirekebisha gari kwa macho. Wanakwenda kidogo, wanasimama, anafungua plagi, anaitazama rangi. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi. Ikiwa nyeusi, mafuta yamezidi. Alitaka rangi ya biskuti.

"Kila baada ya kilomita moja tunasimama," anasema Mzee Chome. "Nikamwambia, Luqman, hata punda atatupita. Akanitazama mdomo, akasema, punda hana tabo."

Wiki mbili walifanya hivyo. Plagi zikatoka rangi ya biskuti zote sita. Lakini fundi hakuridhika. Alisema macho yanaweza kumdanganya. Alitaka amtie Fauzia kile kiti cha kando, amwambie: mwanangu, sikiliza wewe, mimi sisikii.

Akaenda Diani, siku ya Alhamisi, jioni. Mzee Chome alikuwa naye garini. Haya yanayofuata ameniambia Fauzia mwenyewe.

"Nililisikia tangu liko barabara kuu. Gari lile silipotezi. Likaja mpaka geti la wafanyakazi, likasimama, hakulizima. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa chumba cha jenereta, zenyewe zimezimwa. Nikalisikiliza. Nilisikiliza kwa muda mrefu, Bi Esha. Halikugonga hata mara moja. Nikajisemea, kumbe anaweza bila mimi. Amekuja kunionyesha."

Askari wa geti akaja, akamwambia, babako yuko nje. Fauzia akasema, "Mwambie nimekwenda Mombasa."

Askari akaenda, akasema. Gari likageuzwa, likaondoka.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumatano iliyofuata, saa nne asubuhi, Bi Mwanapili alimpelekea mumewe chai bandani. Akamkuta ameketi chini, ameegemea gurudumu. Mwili bado una joto. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Fauzia alifika wakati jeneza linatoka.

Siku ya tatu, baada ya hitima, Mzee Chome alikuja. Bi Mwanapili yuko eda, yuko chumbani. Mimi nimeikaa eda, najua siku zile za mwanzo zilivyo, ndiyo sababu nilikuwa nimekwenda kuketi naye. Mzee Chome akaketi mkekani nje ya pazia. Akasema, "Aliyeniwekea amana amekwenda. Sasa naitoa." Akasema yote. Masikio, daktari, Likoni, plagi. Bi Mwanapili alilia. Fauzia hakulia. Aliuliza jambo moja.

"Mzee, pale getini. Alijua kama nipo ndani?"

 Mzee Chome akasema, "Alijua. Alirudi garini akaniambia, Chome, siku hizi mimi nasoma nyuso, na kijana huyu anadanganya, Fauzia yumo. Nikamwambia, nishuke nikamwite? Akasema, muache. Mimi nilimnyamazia siku nyingi zaidi. Radhi yangu anayo. Alhamisi tutarudi."

 Nje mtu alikuwa akiosha masufuria ya hitima.

Baadaye Fauzia alinisindikiza hadi njiani. Akaniambia, "Radhi yake nimeipata, Bi Esha. Yangu hakuipata. Nilikuwa nayo, nikasimama nayo nyuma ya ukuta."

Nilitaka kumwambia kwamba mtoto hamradhi mzazi, mzazi ndiye anayemradhi mtoto. Ndivyo tulivyofundishwa. Sikumwambia. Alijua alichokuwa akikisema.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kipindi hiki natoa pole kwa Bi Mwanapili. Pole kwa Fauzia. Pole kwa ndugu wote wa Bodo na Msambweni, na kwa Mzee Chome, aliyebeba siri nzito akiwa mtu mzima. Mtakaokwenda kumhani Bi Mwanapili, msiende wengi kwa pamoja, wala msimwulize gari litafanywa nini. Yuko eda, miezi minne na siku kumi. Mwacheni na dua zake.

Mimi namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe kwa niliyoyasema barazani. Fundi mwenyewe nimechelewa kumwomba. Wenzangu tuliokuwa pamoja mnajijua.

Na wewe unayenisikiliza, kama nyumbani kwako kuna mtu ambaye siku hizi haitikii, usihesabu siku. Usimtume mtu. Zunguka, usimame mbele ya uso wake, umwambie tena. Na kama yuko mtu getini kwako saa hii, toka.

Fauzia amerudi kazini Jumatatu. Ameniambia atasikiliza leo. Fauzia mwanangu, yote uliyonipa nimeyasema. Hata lile la ukutani, ambalo nilikusihi tulifiche, ukakataa. Ulisema kama babako alikuja mpaka getini mbele za watu, basi na wewe utajwe mbele za watu. Nimekutaja. Sasa mwombee, nasi tunakuitikia amina.