Maharage ya Bi Mwamvua

Basi letu la kutoka Mikumi lilipokaribia Kilosa, mzee Evarist, mkulima wa milimani, alimweleza mama jirani yake kuhusu mfuko aliokuwa ameupakata. Ni maharage mapya ya kumpelekea Bi Mwamvua wa Mabwerebwere, hapo Kilosa, ambaye mwaka wa mafuriko alimlaza mzee na wanawe kwake wiki tatu bila kuwauliza dini. Tangu hapo mzee hakuwahi kurudi.

"Nyumbani hatujaonja hata punje," alisema. "Ya kwanza ni yake. Nyumba iko ng'ambo ya mto."

"Upande huu, mzee wangu. Mimi mzaliwa wa hapa."

"Mama, nimelala pale! Maji nilikuwa nayaona mlangoni."

"Uliyaona kwa hofu. Na mto Mkondoa wenyewe ulishahama."

Mimi niliyesoma jiografia chuoni nilitazama dirishani.

"Sasa nikimkosa?" mzee aliuliza taratibu.

"Umkose na mimi nipo?"

Basi liliposimama stendi, mama alishika pembe moja ya mfuko, mzee akashika nyingine. Wakaondoka wakivutana, mzee akielekea darajani, mama akielekea sokoni, na hakuna aliyeuachia.