Historia ya Marekani Aliyoikusanya Mwalimu Nasieku

Mwalimu Nasieku Lengai anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya kufundisha Historia shuleni kwetu kwa miaka thelathini na mmoja. Mkuu wa Shule ameniagiza nimwandikie kwenye jarida la shule, kwa furaha. Nitajitahidi.

Alipokabidhiwa mada ya Marekani kidato cha sita, maktaba ilikuwa na kitabu kimoja kisicho na jalada, na shule haikuwa na mtandao. Kila Jumamosi alishuka mjini, Njiro, kwa dada yake mwenye mtandao, akapakua katiba ya Wamarekani, hukumu za mahakama zao, barua za watumwa na ramani za majimbo. Kila waraka aliuandikia maelezo: uanzie ukurasa upi, swali gani litawatoa wanafunzi jasho. Mgawanyo wa madaraka aliueleza kwa mfano wa usharika wetu wa Kilutheri, maana hapa hakuna asiyejua mchungaji na wazee wa kanisa wanavyovutana.

Mwaka mmoja darasa lake liligeuka Bunge la Marekani, likapitisha sheria ya wali kila Jumatano. Mkuu wa Shule, aliyepewa urais, akaikataa. Theluthi mbili wakaipitisha tena. Tulikula wali Jumatano mbili, kisha Mkuu akaifuta Marekani yote.

Kazi ya miaka kumi na minne ilikaa kwenye diski moja. Mwaka juzi, Mwalimu Nasieku akiwa Dodoma kusahihisha mitihani, walikuja watu wa mradi wa elimu mtandaoni wakaiomba. Mimi, Prisca, mwalimu wa taaluma, niliwapa. Sikumpigia simu. Nilipenda kupigwa nao picha. Diski haikurudi. Leo maelezo yake yako kwenye tovuti yao neno kwa neno, bila jina lake, na nywila waliyotupa imekwisha muda. Mwenye kazi mwenyewe hawezi kuifungua.

Aliporudi aliniambia, "Madam Prisca, hata sufuria huwa unaniomba kwanza." Tangu hapo tunaongea ya kazi tu, na inaniuma.

Mradi umemtumia cheti cha mtumiaji bora wa tovuti. Nimepangiwa kukisoma Ijumaa ukumbini, kwenye hafla ya kumuaga. Sitakisoma. Nitamweleza mgeni rasmi kazi ile ni ya nani, na nani aliitoa.

Ahsante, Mwalimu. Tunakuombea afya huko nyumbani kwako Momela, na ng'ombe wa maziwa uliowasubiri miaka yote. Msamaha sitauomba kwenye jarida. Nitapanda mlima kuufuata hadi kwako, na usiponifungulia mlango sitakulaumu.