Bi Mwanamwema Silima, Aliyeacha Kudai Karatasi

Ndugu, jamaa na majirani mliokusanyika hapa Michenzani leo Ijumaa, tarehe 17 Januari 2025, kwa hitima ya Bi Mwanamwema Silima Mabrouk, historia hii aliisimamia marehemu mwenyewe akiwa kitandani, akamwamuru mwanawe mkubwa, Haitham, aisome bila ya kupunguza neno, na anayesoma ndiye huyo.

Marehemu alizaliwa Kidichi tarehe 12 Machi 1953, mtoto wa tatu wa mkulima wa karafuu, akasoma skuli ya Bububu, na mwaka 1972 akaanza mafunzo ya uuguzi na ukunga mjini, akahitimu mwaka 1975, mtu wa taratibu kweli kweli, hata wenzake wakimtania kwamba mtoto hathubutu kuzaliwa mpaka Mwanamwema ashike kalamu. Tarehe 8 Julai 1978 aliolewa na Bwana Munir Wakil, fundi wa mitambo, wakajaaliwa watoto wawili, Haitham na Dalal.

Ulikuwa wakati wa ile sheria ya mwaka 1985, mwanamke asiye na mume akishika mimba alifungwa, na kuitoa kulikuwa kosa vilevile, ila kwa kuokoa roho ya mama. Asubuhi ya tarehe 9 Februari 1988, katika kituo ambacho marehemu hakutaka kitajwe, Bi Mwanakhamis wa Chukwani alimleta binti yake Salhiya, mwari wa miaka kumi na tisa, aliyekuwa akivuja damu baada ya kunywa dawa ya kuitoa mimba, na Bi Mwanamwema, kabla ya kumgusa, akawataka waende kwanza polisi wakalete karatasi ya ruhusa ya kutibiwa, kama ilivyozoeleka, nao kwa hofu ya kifungo wakarudi nyumbani, na kabla ya adhuhuri Salhiya akafariki. Aliagiza lisomwe hivyo hivyo, kwamba angempokea angepona.

Tangu siku hiyo hakumdai mtu karatasi. Aliyekuja anavuja damu alipokewa, akazuiwa damu, akapewa chai, na wakubwa walipomwita kumhoji mwaka 1991 alikwenda na sanduku lake la nguo, tayari kwa lolote, wakamrudisha kazini. Hakuwahi kumtoa mtu mimba, wala hakuwahi kumhukumu aliyeitoa, na aliishi kuona kifungo cha sheria ile kikiondolewa mwaka 2005, na wasichana waliozaa wakiruhusiwa kurudi skuli mwaka 2010, akastaafu mwaka 2013. Siku ya maziko walikuja wanawake wengi tusiowajua hata mmoja, wengine na wajukuu, na sisi wanawe tukabaki kuduwaa, kwani hakuwahi kututajia jina la yeyote.

Kila Idi alipeleka Chukwani sahani ya kaimati kuomba radhi, na Bi Mwanakhamis, ambaye kwa desturi yetu asingerudisha chombo kitupu, aliirudisha tupu, imekoshwa, bila ya neno, Idi zote hizo.

Marehemu alianza kuugua figo Oktoba 2024, akafariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 14 Januari 2025, akiwa na miaka sabini na mmoja, akazikwa Kidichi siku hiyo hiyo. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa jengo hili waliompandisha na kumteremsha ngazi, na wakunga wenzake.

Shukrani ya mwisho haimo katika maneno aliyoyaacha. Asubuhi ya maziko Bi Mwanakhamis alifika kwa mkongojo, akaingia kwa wakoshaji, akasema, "Nipisheni nimkoshe mimi, nshamsamehe zamani, ulimi tu ulikuwa mzito." Alimkosha kwa mikono yake mwenyewe mpaka mwisho, na Dalal akamshikia maji.

Mama, wewe uliyeacha kuwauliza watu, Mola akufanyie mepesi maulizo yako. Pumzika kwa amani.