Bi Kadi na Ubeti wa Tatu wa "Nimeurudishia Tu"

Ijumaa ijayo, saa kumi jioni, Bi Kadi atastaafu baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili katika kituo chetu cha redio, karibu yote akitunza maktaba ya muziki. Niliombwa niandike wasifu wake kwa jarida hili, maneno machangamfu yasiyozidi kurasa mbili. Nikauandika. Halafu nikauchana, kwa sababu wiki tatu zilizopita tulipata habari iliyotuacha midomo wazi, na mpaka leo baadhi yetu hatujaifunga.

Nianze na yanayojulikana. Aliajiriwa kupiga chapa barua, na baada ya mwaka mmoja akahamishiwa maktaba, ambako santuri zilikuwa zimerundikwa sakafuni kama matofali. Alizipanga zote na kuziandikia kadi kwa mkono: mwimbaji, mtunzi, mwaka, na mikwaruzo iko wapi. Ndipo alipopata jina lake. Mkurugenzi mmoja aliwahi kuondoka na santuri bila kusaini. Bi Kadi alimfuata hadi kwenye maegesho, akasimama mbele ya gari lake na daftari mkononi. Mkurugenzi alisaini juu ya boneti.

Jingine tulilolijua ni kwamba kwa miaka kama kumi hivi hakupita geti la mbele hata mara moja. Alizunguka nyuma, kwenye mapipa ya taka, mvua au jua. Tulimtania kwamba anafanya mazoezi.

Sasa, wimbo. Hakuna asiyeujua "Nimeurudishia Tu". Ulirekodiwa hapa hapa, Bi Kadi akiwa na mwaka wa tatu kazini, na mwimbaji tuliyemwita Sauti Pana. Tangu hapo umeimbwa upya mara ishirini na tatu. Bendi zimeuimba, na kuna kwaya iliyotoa "mpenzi" ikaweka "mwokozi". Hata kampuni ya makufuli iliutaka kwa tangazo lake, wimbo wa mlango usiofungwa! Maharusi wameingia ukumbini nao mpaka wapigaji wakachoka:

*Ukichelewa njiani, usigonge, we ingia,*
*Mlango sikuufunga, nimeurudishia tu.*

Kwenye kadi yake, kwa mwandiko wa Bi Kadi, pameandikwa: Mtunzi hajulikani.

Tuliamua kumuaga kwa kipindi maalumu cha historia ya wimbo huo. Nilipomwomba anisaidie kumtafuta mtunzi, alijibu bila kuinua macho, "Hajulikani. Semeni hivyo hivyo."

Siku mbili baadaye pazia la studio lilichanika, nikalipeleka kwa fundi cherehani aliye mkabala na geti letu. Mama yule ametushonea vifungo kwa miaka kumi na moja. Alikuwa akishona huku akiimba taratibu, na nilichosikia kilinisimamisha nywele. Aliimba ubeti wa tatu.

Niwaeleze. Ubeti huo umo katika ile santuri ya kwanza tu, na nakala yake iko kabatini kwa Bi Kadi. Wote walioimba baadaye waliuacha, maana haufai harusini:

*Nawe unayesubiri, sikiliza nyayo vyema,*
*Si wote wangojewao walio njiani kuja.*

"Mama, ubeti huo umeutoa wapi?" nikamuuliza.

"Sikuutoa popote. Niliutunga. Na sauti ya wimbo wote ni yangu."

"Na beti mbili za kwanza?"

Akakata uzi kwa meno. "Muulizeni wifi yangu. Si yumo humo kwenu, kwenye santuri?"

Nilivuka barabara bila kutazama magari. Pazia nililisahau.

Bi Kadi alinisikiliza, akavua miwani, akaketi juu ya ngazi ndogo ya kufikia rafu za juu. Akaniambia yote. Mume wake alikuwa amekwenda kufanya kazi mbali, na barua zikaanza kuadimika. Yeye na wifi yake, dada wa mume, waliishi nyumba moja. Mmoja aliandika maneno, mwingine akayatafutia sauti huku akizungusha cherehani. Majina waliyaficha kwa sababu kanuni za kituo zilimkataza mfanyakazi kurusha kazi yake mwenyewe hewani.

Miezi minne baada ya wimbo kuvuma, mume alirudi. Alirudi na mke mwingine na mtoto anayetembea. Bi Kadi akagundua kwamba wifi yake alikuwa anajua kwa mwaka mzima. Alijua, na bado alikaa naye jikoni wakitafuta vina vya kumngojea mtu yule. Bi Kadi alihama siku hiyo hiyo, na hawakusemezana tena. Nikapiga hesabu: miaka thelathini na moja. Nchi nzima ikioana kwa wimbo wao!

Bi Kadi aliifuta miwani yake, akaivaa tena. Kisha akasema, "Mwite." Nilidhani nimesikia vibaya, ikabidi arudie.

Fundi alikuja na sindano bado imechomekwa kifuani. Nilitaka kutoka, Bi Kadi akanizuia kwa mkono. Nadhani hakutaka kubaki peke yake.

"Nilishindwa kukwambia kwa mdomo, wifi," fundi akasema. "Alikuwa kaka yangu. Nikakwambia kwenye ubeti. Hukusikia."

"Nilisikia," Bi Kadi akajibu. "Nilidhani ni ushairi."

Fundi alilia. Bi Kadi hakulia, ila alimsogezea kiti. "Na duka ukalileta mlangoni kwangu, nizunguke mapipani miaka kumi na moja, ili iweje?"

"Ili siku ukinitaka, usipate taabu ya kunitafuta."

Kipindi kilirushwa Jumapili, beti zote tatu, na watunzi wawili wakatajwa kwa mara ya kwanza. Simu hazikupumzika. Bibi mmoja alilalamika kwamba tumemharibia ndoa ya miaka ishirini na sita. Mumewe alisikika nyuma akimwambia akate simu. Sauti Pana, ambaye sasa anatembelea mkongojo, alikiri kwamba miaka yote alidhani ubeti ule unamsema jirani yake.

Msidhani mambo yamekuwa asali. Bi Kadi ametuambia wazi kwamba hajasamehe yote, anasamehe kwa mafungu. Lakini jana mchana fundi alikuja maktaba na futi ya kupimia shingoni, akampima mabega na kiuno kwa ajili ya gauni la kuagwa. Hawakuzungumza sana. "Umenenepa," alisema mmoja. "Na wewe umezeeka," akajibu mwingine.

Bi Kadi, tumekaa nawe miaka yote hii tukidhani tunakufahamu. Tuwie radhi. Asante kwa kila santuri uliyoifuta vumbi, na kwa kila bosi uliyemsimamishia gari. Nenda ukapumzike, ulale mpaka jua likuchome. Tunakuombea afya, amani, na wifi wa kubishana naye mpaka uzeeni kabisa.