Kila Tulichomuuliza Alisema Ndiyo

Benchi hili la kahawa ni langu, na leo nina hasira nalo. Lipo konani, kati ya meza ya Dakika anayetengeneza saa na kibanda cha Wembe, kinyozi. Mwisho wa benchi hukaa Karani, mstaafu wa posta, ambaye kazi yake siku hizi ni kukaa. Mteja wangu wa nne ni fundi viatu. Mgeni, hana mke wala ndugu hapa. Miaka sita amekunywa kahawa yangu, akicheka tukicheka, na neno letu moja tu alilolishika ni "ndiyo". Tukamwita Bwana Ndiyo. Asubuhi hii alianza kutokwa na jasho, anausugua mkono wa kushoto. Tukamkalia kwa maswali na soda ya kutoa gesi saa mbili nzima, mpaka akaanguka. Dereva wa pikapu akamkimbiza hospitali. Sasa saa nyingine imepita, hatujui kama yu hai, na hawa wanaume wanabishana.

— Mimi nilimuuliza vizuri kabisa, akasema Wembe. Nikamwambia, "Ni gesi, siyo?" Akasema ndiyo.

— Na mimi nikamuuliza kama amelalia mkono vibaya, akasema Dakika. Akasema ndiyo.

— Sasa mtu analaliaje mkono, akapata gesi?

— Muulize yeye!

— Wenzenu tulichukua hatua, Karani akadakia. Mimi nilipiga simu ya dharura.

— Wakasemaje?

— Dada wa kule akauliza mgonjwa anajisikiaje. Nikaona ubaya gani, nikampa simu aseme mwenyewe. Akaulizwa, "Unapumua vizuri?" Ndiyo. "Unaweza kutembea?" Ndiyo. Basi, tukaambiwa apumzike, tusiwasumbue wenye shida.

Wembe akapiga paja.

— Mnajua tatizo ni nini? Kuinama. Mtu anainamia viatu vya watu kutwa nzima, damu yote inashuka kichwani, moyo unabaki mkavu.

— Acha uongo wako! Dakika akamkatiza. Moyo ni mashine. Ukisimama, unautikisa kidogo, unaendelea. Wangeniachia mimi.

— Ungemtikisa maiti.

— Nyote hamjui kitu, akasema Karani, sauti ya mtu anayesoma barua ya serikali. Yule ana miaka sita hajasema la moyoni mwake. Hayo maneno yamekwenda wapi? Yamebaki humo humo kifuani, yamerundikana, yameziba mishipa.

— Basi wewe Karani utaishi miaka mia mbili! akasema Wembe.

Wakacheka. Wallahi, walicheka. Kisha kila mmoja akatazama pale chini alipoangukia fundi viatu.

— Hamna haya! nikawaambia. Mtu anakufa mbele yenu, mnamjaza soda!

— Shangazi, akasema Dakika taratibu, na wewe ulimmiminia kikombe cha tatu.

Kweli nilimmiminia. Alikisukuma, nikakirudisha mkononi mwake, nikidhani anaona aibu kuongezewa.

Pikapu ikarudi. Akashuka dada mmoja amevaa sare ya hospitali, ana kalamu na karatasi, anahema.

— Shikamooni. Ni nyinyi mliokuwa na fundi viatu?

— Marahaba, mwanangu. Yu hai?

— Yu hai, Shangazi. Ni moyo. Fahamu zimemrudia, lakini tukimuuliza chochote anajibu "ndiyo", kisha anaongea mfululizo kwa lugha yake, na hakuna anayemwelewa. Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, tena aipate sasa hivi. Lakini kama ana kidonda cha tumbo, au aliwahi kuvuja damu kichwani, dawa yenyewe itamuua. Lazima tumuulize kwanza.

— Sasa sisi tutamuulizaje? akasema Wembe. Sisi wenyewe hatuelewani naye.

— Si nyinyi. Mkalimani tunampata kwa simu, wapo wa lugha zote. Wanataka tuwaambie lugha gani tu. Hana kitambulisho mfukoni, na simu yake ilivunjika alipoanguka. Dereva akasema nyinyi ndio watu wake.

Akaweka kalamu juu ya karatasi.

— Anaongea lugha gani?

Dakika akamtazama Wembe. Wembe akamtazama Karani.

— Ya kwao, akasema Karani.

— Kwao wapi?

Mimi najua hatii sukari kwenye kahawa. Najua akifurahi anagonga benchi mara mbili, na najua anaogopa mbwa. Nikapekua kichwa changu chote, sikupata kitu cha kumwandikisha yule binti.

— Jamani, muda unakwenda, akasema, na sasa alikuwa anatusihi. Basi nipeni jina lake, tutakisia kutokana na jina. Anaitwa nani?