Faili Dogo Nililodhani Ni Kupe

Wazee wenzangu, mama zangu, na ninyi vijana mlioniamkia pale mlangoni, shikamoo zenu nimezipokea. Nimeombwa, mimi katibu mwenzenu, niseme na ninyi makatibu wa vikundi vya wafugaji mliotoka Maretadu, Dongobesh na kwingineko, kwa sababu leo mnapewa programu ileile tunayotumia sisi Tumati. Nimeyaandika haya kwa mkono wangu, ili nisije nikaruka pale panaponiaibisha.

Mimi niliishia darasa la nne. Nilichonacho nimekitafuta. Nilianza na mbuzi wawili, leo ng'ombe wangu wako katika maboma matano, na kompyuta ya kikundi niliinunua mimi, mtumba, mjini Katesh, wakati waliosoma bado wanajadiliana. Nawaambia hayo mjue kwamba aliyefanya upuuzi nitakaousimulia hakuwa mtu wa kuokotwa njiani.

Desturi yetu mnaijua. Mtu hafugi ng'ombe wake wote kwenye boma lake. Wengine anawaweka kwa mwenzake, hata kata nyingine, ili ugonjwa au ukame ukipiga huku, wa kule wapone. Anayetunza anakunywa maziwa, anapata samadi, analima nao. Ndama ni wa mwenye ng'ombe. Zamani waliitwa mashahidi wawili, wakamkagua ng'ombe kuanzia pembe mpaka mkia, na ugomvi ukitokea walisimama wakasema walichokiona.

Sasa mimi, na kompyuta yangu, nikasimama kwenye mkutano wa kikundi nikasema, "Mashahidi wanakufa. Mashahidi wanalewa. Mashine haisahau." Watu wakapiga makofi. Tukafuta habari ya mashahidi siku ileile. Kuanzia hapo, ng'ombe akiwekwa, mwenye ng'ombe na mtunzaji wanakuja kwangu, naandika rangi, pembe, alama ya sikio, basi.

Programu tulitengenezewa na fundi mmoja wa Katesh, binti wa mfanyabiashara wa vitambaa, mzaliwa wa Jorodom. Alinieleza nikaelewa. Alisema kuna programu ambazo kumbukumbu zake zinakaa kwenye mashine kubwa mjini, na bila mtandao huna kitu. Hii yetu siyo. Hifadhidata yake, yaani ghala la kumbukumbu, iko humohumo ndani ya programu, na vyote vinakaa kwenye faili moja katika kompyuta yako. Mtandao ukatike, ukae mwezi, wewe unaandika tu. Nikapenda. Kitu kidogo, hakina maringo.

Aliniambia pia, "Mzee, ukimaliza funga programu kwa kitufe chake ndipo uzime mashine. Usifunike tu." Nikaitikia. Nikarudi Tumati nikawa nafunika tu, kama mtu anavyofunika Biblia. Programu ilikaa wazi wiki hata wiki, orodha ya ng'ombe imetandazwa kwenye kioo, kwa sababu nilipenda wageni waione.

Shida ya kwanza ilikuwa ndogo. Siku moja nilikuwa nimefungua programu mara mbili bila kujua, madirisha mawili, na jingine liko katikati ya kuandika. Nikibonyeza kuseva, yaani kuhifadhi, linatoka neno kwamba hifadhidata imefungwa. Nikadhani tumeibiwa. Nikampigia fundi.

"Mzee, umefungua madirisha mangapi?"

"Moja."

"Hesabu tena, mzee wangu."

Yalikuwa mawili. Akacheka. Akasema katika faili hilo wasomaji wanaweza kuwa wengi, lakini mwandishi ni mmoja kwa wakati mmoja, mwingine asubiri zamu. Funga moja. Nikafunga, ikakubali. Lakini ile kucheka iliniuma. Nikaapa sitampigia tena mtoto wa kike anicheke.

Ndugu zangu, kiburi hicho ndicho kilichonigharimu.

Baada ya hapo nikaanza kuchungulia mwenyewe ndani ya folda. Nikaona faili letu, na ubavuni mwake faili jingine lenye jina linalofanana, limeongezewa mkia. Nikalitazama wiki hii, nikalitazama ijayo. Faili letu halikui. Lile la ubavuni linanenepa. Mimi ni mfugaji. Kitu kinachong'ang'ania ubavuni na kunenepa wakati ng'ombe yuko vilevile, nakijua. Ni kupe. Nikasema hiki ndicho kinachotuletea matatizo.

Siku moja chaji ikaisha, mashine ikazima yenyewe. Nilipoiwasha, kabla ya kufungua programu, nikaingia kwenye folda, nikamng'oa yule kupe. Nikabonyeza kufuta, nikajisikia mganga.

Kisha nikafungua programu. Ng'ombe wote walioandikwa miezi mitatu ya mwisho hawamo. Orodha imekatika safi kabisa, kama vile miezi ile hakuna mtu aliyekuja kwangu. Nikafunga. Safari hii nikafunga kwa kitufe, kwa adabu.

Sikumpigia fundi. Sikumwambia mwenyekiti. Niliifungia kompyuta kwenye sanduku, na kila aliyekuja nikamwambia chaja imeungua, nimeagiza nyingine. Wiki mbili nilisema hivyo. Mwenyekiti akaniuliza, "Hiyo chaja inatoka Ulaya?" Nikacheka naye. Mtu mzima na mvi zangu.

Basi akafariki jirani yetu mmoja, mtu mzuri, ugonjwa wa siku tatu. Bomani kwake kulikuwa na ng'ombe wawili wa mama mjane wa Maretadu, walioletwa ndani ya miezi ile mitatu. Mama yule hana malisho, na hao wawili ndio mifugo yake yote. Mmoja alikuwa na mimba, na maziwa yake ndiyo aliyokuwa akiyategemea kwa wajukuu anaowalea. Marehemu alikuja naye kwangu, nikaandika mbele yao. Mashahidi hakuna. Mimi ndiye niliyewafuta.

Mama akaja nyumbani kwangu.

"Baba, ndugu za marehemu wanagawana ng'ombe Jumamosi. Njoo na mashine yako uwasomee."

"Mama, chaja imeungua."

Alinitazama. "Nitakutafutia chaja. Hata ya kuazima."

Na kweli aliipata, siku ya pili, kwa mwalimu. Aliibeba kwenye kanga, akanikabidhi kwa mikono miwili. Ndugu zangu, nimewahi kupigwa na fahali, lakini sijawahi kuumia kama siku ile.

Jumamosi nikaenda na kompyuta begani, bila kujua nitasema nini. Kaka mkubwa wa marehemu alikuwa mtu wa haki, siwezi kumsema vibaya. Alikaa Babati miaka mingi, boma la mdogo wake halijui. Akasema, "Mzee, huyu mama anasema ng'ombe wawili ni wake. Sisi hatuna ugomvi. Kama yumo, achukue. Kama hayumo, tutajuaje? Fungua."

Nikafungua. Orodha ikaja safi, haina kosa hata moja, na mama hayumo. Kijana mmoja wa ukoo akasoma kwa sauti jina la mwisho, la mtu mwingine kabisa, la miezi mingi nyuma. Akasema, "Hayumo. Na mzee ametufundisha, mashine haisahau."

Watu wakaguna. Mama hakulia wala hakunitukana. Alisema tu, "Baba, si uliandika? Si nilikuwa nimekaa pale kwenye kigoda?"

Pale ningeweza kunyamaza. Mashine ilikuwa imesema, na kila mtu alikuwa ameiamini. Ningekunja begi nikaenda zangu na heshima yangu yote. Nilikuwa nimeshika mfuniko niushushe. Mkono ukagoma.

Nikasimama nikasema, "Mama alikaa kwenye kigoda. Niliandika. Kilichofuta ni mkono wangu, na chaja haijaungua hata siku moja. Nimewadanganya wote."

Mwenyekiti akauliza, "Hata ile ya Ulaya?" Watu wakacheka, na mimi nikapata kupumua. Kaka mkubwa hakucheka. Akasema, "Mzee, neno lako nimelisikia, lakini leo asubuhi tu ulikuwa mwongo. Nakupa mpaka Jumatatu. Ng'ombe hawatagawanywa mpaka hapo."

Kesho yake nikapanda gari la Katesh. Fundi alinikuta kwenye kizingiti cha duka la baba yake, anakofanyia kazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeua faili."

Hakucheka safari hii. Aliuliza jambo moja tu. "Tangu ulifute, umeandika kitu chochote?"

"Hapana. Niliogopa."

"Afadhali uliogopa. Ungeandika, tungechanganya maji na mafuta ya taa."

Kabla ya kugusa kitu, alinakili folda nzima pembeni. Alisema hafanyi matibabu kwenye faili halisi, anafanyia kwenye nakala. Kisha akanieleza kupe wangu ni nini. Unaposeva, programu haikimbilii faili kubwa kila mara. Inaandika kwanza kwenye faili la ubavuni, haraka, halafu ikipata nafasi inahamishia ndani. Mimi niliacha dirisha la orodha wazi wiki hata wiki, kwa hiyo haikupata nafasi ya kumaliza kuhamisha. Miezi mitatu ya watu ilikuwa inasubiri pale ubavuni. "Mzee, hakuwa kupe," akasema. "Ilikuwa mimba."

Akafungua pipa la taka la kompyuta. Mimi sikujua kama lina pipa. Faili lilikuwamo, zima. Akalirudisha kwenye ile nakala, ubavuni mwa mwenzake, jina lilelile na mkia wake, akaagiza programu ikague faili lote kama ni zima. Tulingoja. Nadhani ni kitambo kidogo tu, lakini nilihesabu vitambaa vyote vya dukani kwa baba yake. Kikatoka kineno kimoja kifupi, akageuka. "Ni zima, mzee."

Tukafungua. Mama wa Maretadu. Ng'ombe wawili. Wa kwanza mwekundu, doa jeupe begani, pembe la kushoto limeinama. Wa pili mweusi, mkia umekatika ncha, ana mimba. Nilikaa chini kwenye marobota ya vitambaa.

Fundi akanipa flashi mbili. Akasema faili likiwa kazini usiburute moja tu kwenye flashi ukaacha la ubavuni. Funga programu kwanza, au tumia kitufe chake cha kutoa nakala. Na nakala isilale nyumba moja na mashine. "Kwetu Jorodom maporomoko ya matope yalichukua karatasi zote za nyumbani kwa mara moja," akasema. "Zilikuwa kabati moja."

Jumatatu kaka mkubwa alisoma mwenyewe. Akamtazama ng'ombe, akasoma tena, akashika lile pembe lililoinama. Akamwambia mama, "Tusamehe. Chukua wako." Mama akawafungulia.

Nawashukuru wote. Fundi, ambaye hakunikumbusha majivuno yangu. Kaka mkubwa, aliyenipa siku mbili wakati sikustahili. Mwenyekiti, kwa utani wake. Na mama, aliyeniazimia chaja nisiyoihitaji. Mashahidi wawili tumewarudisha, wanaweka sahihi pale ninapoandika, na flashi moja inalala Maretadu. Hata hivyo kikundi kiliniacha niendelee na ukatibu. Usingizi wangu umerudi.

Kila mtu atafuta kitu siku moja. Kufuta hakukunimaliza, zile wiki mbili za kufunga sanduku ndizo karibu zimle mama yule. Sasa kabla ya chai, kila katibu afungue mashine yake aniambie nakala yake inalala wapi. Na kama kuna aliyeharibu akanyamaza, anifuate pembeni. Namba ya fundi ninayo, na mimi simcheki mtu.